Zaburi 55: Daudi alimtwika Mungu mzigo, kisha akatuma jasusi. Huko ndiko kutumaini?

#1 Mti_Mkavu
Salaam wadau. Nauliza swali, na sitaki kubembelezwa.

Hapa Nairobi mtu akisalitiwa hutumiwa mstari mmoja tu kwenye simu: Zaburi 55:22, "Umtwike BWANA mzigo wako naye atakutegemeza." Mweka hazina wa chama ametoroka na hela za mwaka mzima, unatumiwa huo. Mshirika wa biashara amebadilisha kufuli za duka usiku, huo huo. Mtu anatishiwa maisha na aliyekuwa akila naye sahani moja, bado ni huo, na picha ya mikono miwili imebandikwa chini yake. Ukiutazama vizuri, unaambiwa: nyamaza, tulia, Mungu ameona.

Sasa fungueni 2 Samweli 15:30-37. Daudi anapanda Mlima wa Mizeituni peku, kichwa amekifunika, analia. Anaambiwa Ahithofeli, mshauri wake mwenyewe, yuko upande wa Absalomu, mwanawe aliyempindua. Anaomba sentensi moja tu, shauri la Ahithofeli ligeuzwe kuwa ubatili. Mstari unaofuata anakutana na rafiki yake Hushai na kumpa kazi: rudi mjini, jifanye mtumishi wa Absalomu, utakalosikia wape makuhani Sadoki na Abiathari, na wana wao Ahimaasi na Yonathani waniletee. Jasusi mmoja, makuhani wawili, wakimbiaji wawili. Mtandao umekamilika machozi hayajakauka.

Je, alitumaini, au aliomba kisha akakosa subira?

#2 NjiwaWaUmoja
Alitumaini. Hushai ndiye jibu la ombi. Soma 31 na 32 bila kupumua katikati: ameomba, amefika kileleni mahali pa kuabudia, na tazama, Hushai huyu hapa, kanzu imeraruka na udongo kichwani. Ulitaka jibu lije na mabawa?

#3 Kisigino
Ati "mtu akitishiwa maisha". Wewe umetishiwa na nani, keateka wa ploti? 😂

#4 Katekista_Riruta
Kabla hatujafika mbali. Kichwa cha Zaburi 55 hakimtaji Ahithofeli wala Absalomu. Kinasema ni kwa mwimbishaji, kwa vinanda, utenzi wa Daudi, basi. Kuiunganisha na Ahithofeli ni mapokeo, na yana sababu nzuri kwa ajili ya mistari 12 hadi 14 (rafiki, tulipeana shauri tamu, tulitembea pamoja nyumbani mwa Mungu). Ila maandishi yenyewe hayatoi jina.

Zinazotaja tukio kwenye kichwa ni kama hizi: 3 (kumkimbia Absalomu), 52 (Doegi Mwedomi), 54 (Wazifi walipomsaliti kwa Sauli), 56 (Wafilisti walipomkamata Gathi), 57 (pangoni), 59 (Sauli alipotuma watu wavizie nyumba yake). Unayetaka kufundisha usaliti na hatari kwa ushahidi wa maandishi, anzia hizo.

Halafu sisi Waorthodoksi tunaihesabu kuwa ya 54, kwa hesabu ya Kigiriki. Usishangae ukija kwetu ukaikosa kwenye namba uliyozoea.

#5 Mti_Mkavu
@Katekista_Riruta nimekubali sahihisho. Swali bado liko palepale. Hata ukiitoa 55, ombi la 15:31 na kazi ya Hushai vimeandikwa ukurasa mmoja.

#6 MamaKibaraza
Mnaosoma mstari wa 22 peke yake mnakula ganda la chungwa na kutupa nyama. Hiyo zaburi ina mistari 23, na kabla ya kufika "umtwike" mtu amefanya mambo mengi:

Amekiri hofu: moyo unamuuma, tetemeko limemwingia. Ametamani kukimbia, mbawa kama njiwa. Ametaja anachokiona mjini, jeuri na fitina, mchana na usiku. Kisha amemweleza msaliti bila kumpunguza wala kumwongeza: "Kinywa chake ni laini kuliko siagi, bali moyo wake ni vita." Tena ameweka ratiba katika mstari wa 17: jioni, asubuhi na adhuhuri. Mara tatu kwa siku, na neno lililotumika ni kulalama na kuugua. Hapo hakuna kunyamaza.

Kosa la kawaida kwenye vikundi vya maombi ni kumvusha mtu hadi mstari wa 22 siku ya kwanza. Anasema amina mdomoni, usiku halali. Mwache akae kwenye mistari ya 1 hadi 8 kwa siku kadhaa. Akianza mwenyewe kusema ya 12 hadi 14, "Kumbe! Ni wewe", na kumtaja aliyemsaliti mbele za Mungu, hapo ndipo mstari wa 22 unapata kazi ya kufanya. Mzigo ambao hujaushika utautwikaje?

#7 DerevaWaUsiku
Mama hapo umenena. Huo mstari wa siagi kuna mtu nitamtumia leo leo.

#8 MamaKibaraza
@DerevaWaUsiku usimtumie mtu. Zaburi hizo zimeelekezwa juu. Ukimtumia msaliti, ombi limegeuka kijembe, na yeye amejua unachojua.

#9 Ustadh_Pangani
Asalaam aleikum. Kwetu mjadala huu una jina: tawakkul, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu. Mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.), nimfunge ngamia wangu kisha nitawakali, au nimwache huru nitawakali? Akajibiwa: mfunge, kisha utawakali. Imo katika Tirmidhi.

Lakini msiishie kwa ngamia, kwa sababu wengi wanaitumia kama methali tu. Tazameni Hijra ya mwaka 622, Mtume alipohama Makka kwenda Madina, ilivyopangwa. Maquraishi wamekubaliana kumuua. Ali analala kitandani mwake. Yeye na Abu Bakr wanatoka na kwenda kusini, pango la Thaur, ilhali Madina iko kaskazini. Wanakaa siku tatu. Abdullah mwana wa Abu Bakr anashinda Makka mchana akisikiliza, usiku analeta habari. Asma anahusika na chakula. Amir bin Fuhayra anapitisha mbuzi ili nyayo zifutike na maziwa yapatikane. Kiongozi wa njia ni Abdullah bin Urayqit, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu, ameajiriwa kwa sababu anaijua njia na ni mwaminifu kwa kazi yake.

Baada ya hayo yote, maadui wakafika mdomoni mwa pango. Pale ndipo lilipotamkwa neno lililomo Sura Tawba aya 40: usihuzunike, hakika Mwenyezi Mungu yuko pamoja nasi. Mipango ilikuwa imefika ukingoni. Mleta uzi anauliza kana kwamba ukipanga umepunguza tawakkul. Mimi naona tawakkul inaonekana vizuri zaidi pale mpango unapokwisha.

#10 Kisigino
Ali kitandani, na Mikali, mkewe Daudi, naye aliweka kinyago kitandani na singa za mbuzi kichwani (1 Samweli 19:13). Vitanda vimeokoa watu.

#11 Mti_Mkavu
Ustadh ahsante. Ila umenipa nusu nyingine ya tatizo. Ikiwa tawakkul inaonekana mpango ukiisha, mbona Mungu asimwambie mtu mapema kwamba mpango hautafika?

#12 Katekista_Riruta
Wakati mwingine humwambia. 1 Samweli 23, Keila. Daudi ameokoa mji huo kwa Wafilisti. Sauli anakuja. Daudi anauliza maswali mawili mafupi: Je, Sauli atashuka? Atashuka. Watu wa Keila watanitoa kwake? Watakutoa. Akaondoka na watu wake wapata 600, wakaenda popote walipoweza kwenda.

Angalia alichokosa kufanya. Hakukaa Keila ili "amwachie Mungu". Hakuwakumbusha watu wa Keila fadhila. Hakuwapiga pia. Alipojua mlango unaovuja alitoka. Mithali 22:3 inalisema kavu: mwenye busara huyaona mabaya na kujificha, wajinga huendelea mbele wakaumia.

#13 Mlinzi_Langoni
Nitapinga kidogo hapa, maana uzi unaanza kunukia kwamba anayetumaini na kupanga hupona. Nobu, mji wa makuhani, je? 1 Samweli 21 na 22. Kuhani Ahimeleki alimpa Daudi mikate na upanga wa Goliathi kwa moyo safi. Doegi alikuwepo, akaenda kusema. Makuhani 85 wakauawa siku moja, kisha mji wenyewe. Hao walikosa imani gani?

Wale vijana watatu mbele ya tanuru, Danieli 3:18, walisema "bali kama si hivyo". Yaani waliacha mlango wazi wa kuungua. Kutumaini hakuna dhamana ya kupona ndani yake. Kinachobaki ni uhusiano tu, na Zaburi 88 inakwisha gizani bila hata mstari mmoja wa "lakini wewe".

#14 NjiwaWaUmoja
@Mlinzi_Langoni sasa unataka mtu atumainie nini? Ukimwambia mama anayetishiwa kwamba "huenda ukauawa lakini uhusiano upo", umemsaidia?

#15 Mlinzi_Langoni
Nimemwambia ukweli kisha nimemsaidia kuhama. Wewe umemwambia atapona, ukamwacha alale pale pale.

#16 Karani_wa_Mjini
Nobu inastahili kusomwa hadi mwisho. 22:22, Daudi anamwambia Abiathari aliyeponyoka: nilijua siku ile Doegi alipokuwapo kwamba hakosi atamwambia Sauli, mimi nimesababisha. Yaani aliiona hatari, hakuonya mtu. Na Ahimeleki alikuwa amedanganywa, aliambiwa ni safari ya mfalme.

Sasa rudini kwa #1. Kwenye mtandao wa Hushai, mmoja wa makuhani wawili ni nani? Abiathari. Yule yule. Safari hii Daudi hakuwaficha makuhani jambo: walirudi mjini na wana wao wakijua kwamba yeye anangoja habari kutoka kwao (15:27-28). Kwa maoni yangu jibu la mleta uzi liko hapo: Nobu ilimfundisha kwamba kuomba bila kuwaambia walio karibu nawe kunaua watu wengine.

#17 Mti_Mkavu
Hiyo sikuwahi kuiunganisha. Nimekaa chini.

#18 Katekista_Riruta
Ni usomaji mzuri, ila andiko halisemi Daudi aliikumbuka Nobu. Ni wewe uliyeikumbuka.

#19 Karani_wa_Mjini
Haki yako mzee. Naiacha kama dhana yangu.

Nikiwa hapa, la vitendo, kwa sababu #1 ametaja mweka hazina na vitisho, na watu huchanganya vitu viwili vyenye njia tofauti.

Pesa: kama deni halizidi KSh 1,000,000, Mahakama ya Madai Madogo iko chini ya sheria ya 2016, ya Milimani ilianza 2021, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Unahitaji katiba ya chama au kumbukumbu za vikao zinazoonyesha nani alishika hela, orodha ya michango, na taarifa ya M-Pesa ya kipindi chote, si ujumbe mmoja mmoja. Kinachoangusha kesi hizi ni chama kisicho na karatasi hata moja kwa sababu "tulikuwa tunaaminiana kanisani".

Vitisho: kituo cha polisi kwanza. Hakikisha imeandikwa kwenye kitabu cha matukio na uondoke na namba ya OB iliyoandikwa, yaani namba ya mfululizo na tarehe. Ukiambiwa "tumesikia, nenda" bila namba, hujaripoti. Ukiwa umeumizwa omba P3, ile fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, nenda hospitali kabla hujaoga wala kubadilisha nguo ikiwa ni shambulio la kingono. Kama anayetisha ni mtu wa nyumbani, kuna sheria ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani ya 2015, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia asikukaribie. Laini ya bure ya ukatili wa kijinsia ni 1195.

Ujumbe wa simu usifute, hata ukikuchefua. Picha ya skrini pekee hupingwa kortini; kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti cha aliyeitoa na kifaa alichotumia. Kwa hiyo simu yenyewe itunze.

#20 DerevaWaUsiku
Na nywila. Mtu mliyekuwa naye mezani anaijua PIN yako, anajua uliko na unalala saa ngapi. Badilisha PIN ya M-Pesa, ondoa simu yake kwenye akaunti zako, zima ile ya kuonyesha mahali ulipo. Halafu badilisha njia ya kurudi nyumbani, shuka steji tofauti.

#21 Ustadh_Pangani
Nabii Yaakub aliwaambia wanawe vivyo hivyo, Sura Yusuf aya 67: msiingie kwa mlango mmoja, ingieni kwa milango tofauti. Na katika aya hiyo hiyo akaongeza kwamba hawezi kuwafaa chochote mbele ya Mwenyezi Mungu, hukumu ni yake, kwake nimetawakali. Agizo la milango na tawakkul vimekaa aya moja.

#22 Kisigino
Steji tofauti ni sunna ya Yaakub. Makanga wa Rongai hawajui wanahubiri.

#23 Bi_Hekima254
Habari zenu. Mimi naona mnaruka hatua ya Yesu mwenyewe. Mathayo 18:15: ndugu yako akikukosa, enda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Kisha na mmoja au wawili. Kisha kanisa. Polisi na mahakama wametajwa wapi? Na 1 Wakorintho 6 inakataza kushtakiana.

#24 MamaKibaraza
Dada, hatua ya kwanza ya Mathayo 18 ni ya kosa kati ya ndugu. Si ya mtu anayetaka damu. Matendo 23, watu zaidi ya 40 wamejifunga kwa kiapo wasile wala kunywa hata wamuue Paulo. Hakwenda kwao "wewe na yeye peke yenu". Mwana wa umbu lake (dada yake Paulo) alisikia habari ya kuvizia, akaingia ngomeni akamwambia Paulo. Paulo akamwita akida mmoja akasema, mchukue kijana huyu kwa jemadari. Jemadari akamshika mkono, akajitenga naye kando, akamuuliza faraghani, kisha akamwagiza asimwambie mtu yeyote. Hivyo ndivyo habari ya hatari inavyobebwa: midomo michache, kwa mwenye uwezo wa kutenda, faraghani.

Na hili msilipite: usiku uliotangulia (mstari wa 11) Bwana alikuwa amesimama karibu naye akamwambia atashuhudia Rumi pia. Ahadi anayo mkononi. Hakusema "basi nimeahidiwa, kijana nenda nyumbani".

#25 Karani_wa_Mjini
Wakatolewa askari 200, wapanda farasi 70, wenye mikuki 200, saa tatu ya usiku. Watu 470 kwa mfungwa mmoja. Na 1 Wakorintho 6 inazungumzia madai baina ya ndugu. Aliyeiandika ndiye baadaye alikata rufani kwa Kaisari (Matendo 25:11).

#26 DerevaWaUsiku
Saa tatu ya usiku ya Biblia ndiyo saa tatu yetu? Au ni ile ya tisa ya wazungu?

#27 Katekista_Riruta
Ndiyo yetu. Usiku ulihesabiwa toka jua kuzama, kama Waswahili tunavyohesabu. Ni nadra lugha kubahatika hivyo: "saa sita" ya msalaba ni adhuhuri, "saa kenda" ni alasiri, huna haja ya kugeuza kitu.

#28 Bi_Hekima254
Nimeelewa ya hatari. Lakini ya pesa bado. Na msamaha je? Mkishaenda mahakamani mmesamehe wapi?

#29 Mlinzi_Langoni
Msamaha, upatanisho na kuaminiana ni vitu vitatu. Msamaha waweza kuutoa peke yako leo. Upatanisho unataka wawili. Kuaminiana kunataka muda na ushahidi.

Yusufu aliuzwa kwa vipande 20 vya fedha akiwa kijana, tunamkuta na miaka 17 mwanzoni mwa habari hiyo (Mwanzo 37), na alisimama mbele ya Farao akiwa na 30. Ndugu zake walipokuja, hakujitambulisha. Alimfunga Simeoni, akarudisha fedha magunia­ni, akaweka kikombe kwenye gunia la Benyamini. Alitaka kujua kama watamtelekeza mdogo huyu kama walivyomtelekeza yeye. Yuda aliposema nibaki mimi mtumwa badala ya kijana (44:33), ndipo akashindwa kujizuia akalia. Aliwapima kwanza, wakarudia mtihani ule ule walioanguka.

Na Paulo kwenye 2 Timotheo 4: waliomwacha, "wasihesabiwe hatia hiyo". Iskanda mfua shaba, "nawe ujihadhari na huyo". Sura moja, mistari inayofuatana, 15 na 16.

#30 NjiwaWaUmoja
Na Yohana 2:24, Yesu hakujiaminisha kwao kwa kuwa aliwajua wote. Lakini mfuko alimwachia Yuda Iskariote, na Yohana 12:6 inasema alikuwa mwivi. Hapo ndipo mimi huchoka. Yeye aliyejua, aliacha mweka hazina mwizi ofisini.

#31 Kisigino
Hakuwa na kumbukumbu za vikao. Angemwuliza Karani.

#32 Bi_Shuka
Kuna kitu hamjagusa: manabii wa kulipwa. Mtu akisalitiwa na kutishiwa, wa kwanza kufika ni yule anayesema ameona jeneza ndotoni, lete sadaka ya kinga, njoo ulale kanisani siku saba. Nehemia 6:10-13 ni kisa hicho hicho. Shemaya alimwambia Nehemia tujifungie hekaluni, wanakuja kukuua usiku. Nehemia akatambua kwamba hakutumwa na Mungu, adui zake Tobia na Sanbalati walimwajiri ili aogope, atende dhambi, wapate la kumsema.

Alitambuaje? Maneno yake yanaonyesha vipimo viwili: unabii ulimtaka afanye asichoruhusiwa (mtu kama yeye aingie hekaluni kuokoa nafsi yake), na ulimtaka akimbie akiwa kazini. Ongeza cha tatu cha hapa kwetu: unatakiwa usimwambie mtu, na utume kwa namba hii.

Huyo huyo Nehemia, 4:9, waliomba na wakaweka walinzi mchana na usiku. Ukuta ukaisha kwa siku 52.

#33 Bi_Hekima254
Mnaombaje basi juu ya mtu aliyekuibia? Kuna watu wanamsomea Zaburi 109 kwa jina, saa sita usiku, na mshumaa.

#34 Katekista_Riruta
Mshumaa haumo kwenye zaburi. 109 ina laana ndefu, mistari ya 6 hadi 19 hivi, na wafafanuzi wamegawanyika: wengine husema ni laana za mwombaji, wengine husema ni maneno ya adui zake anayoyanukuu, kwa sababu kabla ya hapo adui ni wengi na ghafla analaaniwa mtu mmoja. Petro alichukua mstari wa 8 juu ya nafasi ya Yuda (Matendo 1:20).

Njia salama kwangu ni 13, mistari sita tu. Miwili ya kwanza "hata lini" mara nne: sema nne zako. Miwili ya katikati ni ombi: unataka nini hasa, usizungushe. Miwili ya mwisho ni tumaini. Ukifika hapo na hayatoki, simama, rudi ya kwanza kesho. Ukilazimisha wimbo unajizoesha kudanganya mbele za Mungu.

#35 MamaKibaraza
Naongeza: laana kama iko moyoni afadhali uitoe kwa Mungu kuliko uibebe hadi mlangoni kwa mtu na panga.

#36 Ustadh_Pangani
Kwetu pia dua ya aliyedhulumiwa haina pazia kati yake na Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo ina uzito, na mtu huichunga. Waliotishwa kwamba watu wamekukusanyikieni walijibu "Hasbunallahu wa ni'mal wakil", yaani Mwenyezi Mungu anatutosha, naye ni mbora wa kutegemewa, Al Imran 173, na hawakuongeza jina la mtu.

#37 DerevaWaUsiku
Swali la pembeni. Zaburi 3 ni ya kumkimbia Absalomu, na mstari wa 5 anasema alijilaza akalala usingizi. Lakini 2 Samweli 17:22 usiku ule walivuka Yordani, hadi mapambazuko hakusalia hata mmoja. Alilala saa ngapi?

#38 Karani_wa_Mjini
Swali zuri kuliko la mleta uzi 😄. Ahithofeli alitaka watu 12,000 watoke usiku huo huo wampige mfalme peke yake akiwa amechoka. Hushai akasema subirini, kusanyeni Israeli wote toka Dani hata Beer-sheba. Alichonunua ni muda tu. Na alituma habari ya mashauri yote mawili na agizo: msilale vivukoni, vukeni. Ujumbe ukapita kwa kijakazi hadi En-rogeli, vijana wawili wakaonekana, wakajificha kisimani Bahurimu, mwanamke akatandika kifuniko akaanika ngano zilizopondwa juu yake.

Kwa hiyo usiku ule hakulala. Huenda ni Mahanaimu, ng'ambo. Tazama 17:28, Shobi, Makiri na Barzilai wanaleta vifaa, na kitu cha kwanza kwenye orodha kabla ya ngano, asali na kondoo ni vitanda.

#39 Bi_Hekima254
Na yule mwanamke wa ngano alidanganya, alisema wamevuka kijito. Mungu alitumia uongo?

#40 Mlinzi_Langoni
Fungua uzi mwingine dada, huu utafika Krismasi.

#41 Mti_Mkavu
Asanteni. Nina majibu manne yanayogombana: Hushai ni jibu la ombi, mfunge ngamia, Nobu ilimfundisha, na hakuna dhamana yoyote. Nimebaki na moja. Daudi alimwombolezea Sauli aliyemwinda. Alimlilia Absalomu aliyempindua. Ahithofeli alitandika punda, akaenda kwao, akaitengeneza nyumba yake, akajinyonga, akazikwa katika kaburi la babaye. Daudi hakusema neno hata moja. Mbona?

#42 NjiwaWaUmoja
Wengine huunganisha 2 Samweli 11:3 na 23:34: Bath-sheba, mke wa Uria aliyetwaliwa na Daudi, ni binti Eliamu, na Eliamu mwana wa Ahithofeli. Kama ni Eliamu mmoja, Ahithofeli alikuwa babu yake. Daudi angesema nini?

#43 Mlinzi_Langoni
Au alisema, na Zaburi 55 ndiyo maombolezo yenyewe.

#44 Katekista_Riruta
Zaburi 55 haina jina. Rudini #4.